Madole Sitini na Matatu ya Galbet

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimechaguliwa katibu wa Raia Macho! Kura kumi na nane kwa tatu, na hizo tatu nazijua ni za nani. Moja ni ya Hibo tunayelala naye chumba kimoja, tena hakuona haya kuniambia. "Wee Kagendo unapenda sana kuandika watu," alisema, akaendelea kujipaka mafuta miguuni kana kwamba amenisifu.

Raia Macho ni kikundi chetu wanafunzi. Tunakwenda mitaani kuwafunza watu haki zao: bajeti ya kaunti husomwa vipi, mkutano wa ushirikishwaji wa umma ni kitu gani, mwananchi ana ruhusa ya kuuliza nini. Mwenyekiti ni Abdinasir, wa mwaka wa nne, mzaliwa wa Buna, Wajir Kaskazini. Huyo akifungua mdomo hata aliyesinzia anaamka. Nikiwa mkweli, na humu sina wa kumdanganya, nusu ya bidii yangu ni kwa sababu yake.

Nilipotoka Chuka kuja kusomea ualimu Garissa, jirani zetu walimuuliza mama kama nimekosa chuo kingine. Wacha waulize. Sitaki hata ualimu wenyewe. Nataka utumishi wa umma, nikae ofisini nifungue mlango, mtu wa chini aingie asalimiwe. Abdinasir anasema ripoti yetu ikiwa nzuri kuna nafasi mbili za uanagenzi katika ofisi ya mipango ya kaunti mwezi wa Januari. Mbili. Yeye na mimi.

Jumatano, 15 Oktoba

Joto. Nimeoga mara tatu na bado nanuka jasho.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo tumefunza Galbet, na nimechoka kwa raha.

Tulikwenda kwenye kiwanja ambapo akina mama huuza maziwa ya ngamia. Ni uwanja wa mchanga tu, una mabanda ya magunia na majerikeni ya njano yamepangwa mstari. Tulitarajia watu ishirini. Waliposikia kuna soda na sambusa wakaja sitini na watatu! Abdinasir aliwaeleza kwa Kisomali kwamba serikali haiwezi kuchukua wala kujenga kitu mtaani bila kuwauliza wenyewe. Mmoja aliuliza kwa nini basi hakuna aliyewahi kuwauliza, watu wakacheka, na Abdinasir akacheka nao.

Kazi yangu ilikuwa mahudhurio. Karatasi ya kwanza nilikuwa nimeipiga chapa, ina kichwa kizuri: MAFUNZO YA HAKI ZA RAIA, GALBET. Ilijaa upesi. Adhuhuri ilikuwa karibu, kila mtu anataka kuweka dole lake akaswali, wananisukuma huku na huku. Nikamwita Abdinasir, nikamwambia fomu zimekwisha. "Chora mistari kwenye karatasi tupu," akasema, "kichwa tutapiga baadaye, ikae kiofisi." Nikachora. Naandika jina na nambari ya kitambulisho, mama anabonyeza kwenye pedi ya wino, anaweka dole gumba, haya mwingine. Chini ya kila karatasi nikatia sahihi yangu, Katibu. Sahihi yangu ni nzuri sana, nimeifanyia mazoezi tangu kidato cha pili.

Ni mmoja tu aliyenichelewesha. Anaitwa Fatumo, mnene, ana sauti nzito, Hibo humwita habaryar kwa kuwa ni mdogo wake mama yake. Alishika karatasi akaigeuza nyuma na mbele. "Msichana, karatasi hii nasema nini?"

"Haisemi kitu, mama. Ni ya kuonyesha ulikuja."

"Haisemi kitu, na wewe nataka kidole yangu?"

Wanawake nyuma yake wakaanza kulalamika kwamba swala inawapita. Akanitazama kidogo, kisha akaweka dole. Wengine hawa, nilijisemea, hata ukiwaletea haki mlangoni watauliza ina miguu mingapi.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani. Mahubiri marefu. Nilifikiria ripoti.

Jumamosi, 25 Oktoba

Abdinasir amechukua karatasi zote kwenda kuzipiga kichwa na kuzifunga pamoja na ripoti. Nimemwandikia kurasa kumi na moja safi. Akasema, "Kagendo, wewe ndio unafanya hii kitu iende." Nimelala na hayo maneno.

Jumatatu, 3 Novemba

Barua zimefika! Mimi na Abdinasir tumependekezwa kwa uanagenzi. Nimempigia mama, amepiga vigelegele dukani hadi wateja wakamuuliza kama naolewa.

Hibo alisema "hongera" kisha akauliza: "Ile ripoti iko wapi? Mimi nataka kuisoma." Nikamwambia iko ofisini. "Na wale wamama wamepewa moja?" Nikamwambia hawawezi kusoma, sasa watapewa ya nini? Akafunika uso kwa shuka. Huyu msichana ana wivu, naandika bila woga.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala, watu wanatembea wakicheka peke yao.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua siku ya tano. Mto umepanda, njia za upande wa malisho zimekatika, maziwa hayaingii mjini. Hibo anasema akina mama wanalala na majerikeni matupu. Chai leo ni ya rangi.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Hakuna masomo. Paa linavuja juu ya kitanda changu tu, juu ya cha Hibo hapana. Nimemwambia ni dua zake. Amecheka, tukasogeza vitanda viwe kimoja.

Alhamisi, 20 Novemba

Lazima niandike.

Saa nne asubuhi Hibo aliingia amelowa chapachapa, buibui limemganda mwilini. Hakusalimia. Alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akaitandaza kitandani kwangu, akasema, "Soma."

Ilikuwa nakala ya fotokopi. Juu kumepigwa chapa: SISI WAKAZI NA WAFANYABIASHARA WA KIWANJA CHA MAZIWA, GALBET, TUMEKUBALI KWA HIARI YETU KUONDOKA ILI KUPISHA UJENZI WA STENDI NA MADUKA. Chini yake mistari. Majina. Nambari za vitambulisho. Madole.

Nilisema, "Hawa ni akina nani wamekubali?" Wallahi ndivyo nilivyouliza, mimi! Hibo aliweka kidole juu ya jina la kwanza. Nikaona herufi "g" yenye mkia uliopinda. Ni mimi peke yangu ninayeandika "g" namna hiyo. Nikashuka chini taratibu, jina baada ya jina, mwandiko wangu, mwandiko wangu, mwandiko wangu, na mwisho kabisa, pale nilipoandika Katibu, wamepiga chapa neno lingine mbele yake: SHAHIDI. Na ile sahihi yangu nzuri.

Nilikaa kitandani, maji ya paa yananidondokea shingoni, wala sikusogea.

Hibo akanieleza. Jana jioni watu wa ofisi ya mipango walibandika ilani kwenye nguzo za kiwanja. Mabanda yavunjwe kabla ya tarehe kumi na tano Desemba. Akina mama walipopiga kelele, mmoja wa wale watu akawatolea nakala hii, akawaachia: mbona mmekubali wenyewe, si haya ndiyo madole yenu? Wakaitazama. Hawajui kusoma, ila kila mmoja alikumbuka siku aliyoweka dole, na msichana aliyeshika kalamu.

"Habaryar Fatumo amekaa pale miaka kumi na tisa," Hibo alisema. "Ndiyo maziwa yaliyonisomesha mimi. Hiyo ada yangu yote ni maziwa, Kagendo."

Sikujua. Mwaka mzima tunalala chumba kimoja na sikujua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Nikamwambia, "Hibo, mimi sikuandika kichwa hiki."

"Najua."

"Niamini."

"Nakuamini. Lakini uliacha nafasi."

Ijumaa, 21 Novemba

Nimempata Abdinasir maktabani. Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimeandaa ya kumwambia akikataa. Hakukataa.

Alinitoa nje, tukasimama chini ya ukingo wa paa mvua ikitumwagikia miguuni. Alisema ofisi ilikuwa na tarehe ya mwisho, mradi haupiti bila ushahidi kwamba umma umeshirikishwa, na wao hawakuwa wamefanya mkutano hata mmoja. Wakamwuliza kama kikundi chetu kina orodha yoyote ya Galbet. Akawapa. Karatasi ya kwanza, ile yenye kichwa changu, ilifunikwa juu kwa kipande cha karatasi nyeupe chenye kichwa kipya, ikanakiliwa. Zile zisizo na kichwa hazikuhitaji hata ujanja huo.

"Nani alipiga chapa?" nikauliza.

"Mimi."

Alitamka kama mtu anayetaja nambari yake ya simu. Nilimtazama ule uso niliokuwa nikiutafuta kila mkutano, nikaona ni uso wa kawaida tu, una chunusi kwenye kidevu.

"Kagendo, sikiliza. Kila mtu hufanya hivyo. Unadhani orodha zote zile za mikutano ni za kweli? Na stendi ni maendeleo. Kwetu Buna tukiletewa stendi tutachinja. Wamama watapewa mahali pengine."

"Wapi?"

Akatazama viatu vyake vilivyolowa.

"Wapi, Abdinasir?"

"Wataambiwa." Kisha akasema kitu kilichonishtua kuliko yote. "Na wewe pia ulijua karatasi ni tupu. Mimi sikukulazimisha kutia sahihi."

Nilitaka kumzaba kibao. Sikuweza, kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikwenda Galbet na Hibo. Naandika kwa ufupi maana inauma.

Fatumo alikuwa ameketi kwenye kigogo, jerikeni moja mbele yake, limejaa nusu. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Wanawake wakakusanyika. Nilieleza yote, Hibo anatafsiri. Nilipomaliza hakuna aliyenitukana, na ni afadhali wangenitukana.

Fatumo akasema, "Wewe ulisema karatasi haisemi kitu. Sasa nasema mimi naondoka."

Basi. Akageuka kumpimia mteja maziwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Ofisi ya mipango. Karani anaitwa Mureithi, mtu wa Nyeri, mpole, ana radio ndogo mezani. Alipogundua mimi ni mtu wa bara kama yeye alifurahi, akaniuliza kwetu mvua imenyesha. Nikamwambia madole yale yalichukuliwa kwa ulaghai. Furaha ikaisha.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi wewe ndiye shahidi. Unaikana?"

"Sahihi siikani. Nayakana maneno."

Alipunguza radio. Akasema kwa sauti ya chini kwamba barua yangu peke yake haitoshi. Faili imeshapigwa muhuri. Kila aliyeweka dole aweke tena, kwenye tamko lililoandikwa kwamba anaondoa ridhaa. Wakivuka nusu, thelathini na wawili, mradi unarudi mwanzo. Mwisho ni Jumatano tarehe kumi Desemba, saa kumi jioni.

"Dole hufutwa na dole, dada yangu," alisema. "Mimi sikuitunga hiyo sheria."

Nilitoka nikirukaruka. Thelathini na wawili kati ya sitini na watatu! Wanawake wenyewe wana hasira, watapanga foleni hadi barabarani.

Jumatano, 26 Novemba

Sufuri.

Alhamisi, 27 Novemba

Sufuri. Siamini macho yangu. Nilikwenda na tamko limepigwa chapa kwa Kiswahili, Hibo akalisoma kwa Kisomali mara mbili, neno kwa neno, kichwa kiko juu, hakuna nafasi hata ya sindano. Nikatoa pedi ya wino. Walivyoiona ile pedi! Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele alificha mkono ndani ya nguo. Wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wanakimbia, mpaka tukabaki mimi, Hibo na mbuzi.

Nikamfuata Fatumo, nikamwambia, "Mama, msipoweka dole kiwanja kinakwenda!"

"Tulibiga kidole, kiwanja nakwenda. Hatubigi kidole, kiwanja nakwenda. Afadhali iende na kidole yangu niko nayo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimefundishwa methali hiyo tangu darasa la nne na nimeiandika kwenye insha sijui ngapi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakuwa nyoka.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 2 Desemba

Nimemwandikia mkuu wa wanafunzi barua, nakala kwa ofisi ya mipango. Nimeeleza nilichofanya mimi kwanza, kisha alichofanya Abdinasir. Hibo alinisomea rasimu, akanikatia sentensi mbili. "Hapa unajitetea," alisema. "Na hapa pia." Alikuwa sahihi, nikazifuta.

Alhamisi, 4 Desemba

Nafasi yangu ya uanagenzi imeondolewa. Ya Abdinasir pia. Tumepishana langoni, hakunisalimia. Mama ameuliza kwa simu kama ninanunua viatu vya ofisini, nikamwambia bado. Nililia chooni mpaka mtu akagonga.

Hibo hakuniambia pole. Alininunulia chapati laini za anjera na sukari, akaketi karibu nami nikala.

Jumamosi, 6 Desemba

Galbet asubuhi, Galbet jioni. Nimekunywa chai ya kila mama ambaye bado ananipa chai, nao ni watano. Mzee mmoja wa mtaa alijaribu kuwasihi, wakamwuliza, yeye aliweka dole lake? Hakuweka. Basi anyamaze.

Sufuri.

Jumatatu, 8 Desemba

Ujumbe kutoka kwa Abdinasir, wa kwanza tangu tugombane: "Mmefikisha wangapi?" Nikamjibu: "Hakuna." Hakuandika tena.

Leo watu wamekuja kupima kiwanja kwa kamba na kupiga vigingi. Kimoja wamekipiga katikati ya banda la Fatumo. Amekizunguka, ameweka majerikeni yake huku na huku, anauza.

Jumanne, 9 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyotokea.

Mvua ilikatika asubuhi. Tulifika kiwanjani saa tatu, mimi na Hibo, bahasha ya matamko kwapani, pedi mfukoni siitoi tena. Njia zimefunguka na maziwa yamefika, kwa hiyo wanawake walikuwa wengi. Sikuwa na maneno mapya. Nilisimama mbele ya Fatumo nikasema, "Mama, leo sikushawishi. Niambie tu, kitu gani nifanye uniamini?"

Alimpimia mtu kikombe, akapokea pesa, akafuta mikono. Kisha akasema kitu kwa Kisomali, na Hibo akashtuka. Nilimwona akishtuka.

"Amesema nini?"

"Anataka karatasi," Hibo alisema. "Tupu."

Nikachomoa moja nyuma ya daftari langu. Fatumo akaishika akaigeuza nyuma na mbele, vilevile. Akaiweka juu ya kifuniko cha jerikeni.

"Andika jina yako."

Nikaandika.

"Namba ya kitambulisho."

Nikaandika.

"Chini, ile sahihi yako mzuri."

Nikatia sahihi. Hapo bado sikuelewa, nakiri. Nilidhani anataka kujua mimi ni nani.

"Sasa biga kidole."

Nikatoa pedi. Nikabonyeza dole gumba kwenye wino na kulipeleka juu ya karatasi, na hapo, likiwa hewani, ndipo nikaona. Karatasi nyeupe yote ile. Juu ya jina langu kuna nafasi ya kuandika kitu chochote. Kwamba nina deni lake. Kwamba nimeiba. Kwamba nimekubali kitu nisichokijua, mahali nisipopajua, na jina langu chini yake, na nambari, na sahihi, na dole ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliye nalo. Mkono ukakataa. Kweli ulikataa, ulisimama pale hewani kama si wangu.

"Mama," nilisema, "utaandika nini hapo juu?"

"Mimi hajui kuandika," alisema. "Lakini watu nayajua kuandika iko wengi."

"Lakini utaandika nini?"

"Msichana, mimi ilikuuliza hifyo."

Nikamtazama Hibo nikitumaini atasema jambo, acheke, amwambie habaryar yatosha. Hibo alikuwa akitazama dole langu kama wengine. Nilimchukia kwa nukta moja. Halafu nikakumbuka kwamba siku ile nilichukua madole sitini na matatu kwa muda unaopungua saa moja, na mikono yao haikusimama hewani kwa sababu mimi niliwaharakisha.

Niliweka dole.

Fatumo aliinua karatasi akaipuliza wino ukauke. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya nguo. "Unaogoba?" akauliza.

"Naogopa sana, mama."

"Fizuri." Akanyoosha mkono. "Lete ile yako. Soma tena."

Hibo akasoma tamko tangu kichwa hadi mwisho. Fatumo akamwambia arudie mstari wa tatu. Akarudia. Ndipo akaweka dole lake, taratibu, akalizungusha kushoto na kulia kama wanavyofanya polisi, ili lionekane lote.

Nikapumua. Nilidhani yamekwisha. Nikageuka niwaite wengine, nikakuta mwanamke mwembamba amesimama nyuma yangu na karatasi mkononi. Amebandua lebo ya katoni ya majani ya chai, upande wa nyuma ni mweupe. Aliinyoosha tu.

Nyuma yake mwingine, ameshika ukurasa wa daftari la mwanawe, kuna hesabu upande mmoja. Mwingine karatasi ya hospitali. Mwingine ukurasa wa kalenda, na mwingine ametumwa dukani mbio kununua karatasi ya shilingi tano. Foleni ilikwenda mpaka kwenye vigingi. Hibo alinitazama. "Kagendo, si lazima," alisema. Lakini ilikuwa lazima, na yeye alijua.

Jina, nambari, sahihi, dole. Karatasi inakunjwa, inaingia kifuani au kwenye ncha ya kanga. Kisha mama anasikiliza tamko likisomwa, anaweka lake. Kila mmoja alitaka lisomwe upya kwa ajili yake, hakuna aliyekubali kwamba amelisikia la mwenzake. Hibo sauti ilimkauka. Adhuhuri ilifika, tukasimama, wakaswali bila haraka, wakarudi. Nilidhani nitazoea. Sikuzoea. Kila karatasi dole langu lilisita palepale hewani.

Bibi mmoja mzee sana aliichukua karatasi yangu yenye dole, akaitazama kwa karibu, akanirudishia. "Mimi hataki ya mtu," alisema, na hakuweka lake pia. Akaondoka zake na fimbo yake. Yeye ndiye ninayemfikiria zaidi usiku huu.

Jumatano, 10 Desemba

Tumepeleka matamko arobaini na moja saa saba mchana. Mureithi aliyahesabu mara mbili, akayapiga muhuri, akanipa stakabadhi. Mradi umerudishwa mwanzo. Watafanya mkutano upya mwezi wa Februari, na mtu wa ofisi atakwenda mwenyewe. Ilani wataiondoa kesho.

"Nilisikia wamekataa kabisa," alisema. "Uliwafanyia nini?"

Hibo akanijibia, "Alifanya walichofanya wao."

Tulikwenda moja kwa moja kiwanjani kuwaambia. Kulikuwa na vigelegele, nikakumbatiwa na watu ambao juzi walinikimbia. Fatumo alinipa kikombe cha maziwa, akasimama mpaka nikamaliza. Nilimwambia kwamba sasa kiwanja kimepona, nikabaki nikingoja. Alijua ninachongojea. Wote walijua. Niliangalia vifua vyao na ncha za kanga zao, na hakuna hata mmoja aliyeingiza mkono kutoa karatasi.

"Kunywa nyingine," alisema Fatumo.

Kesho kutwa napanda basi kwenda Chuka kwa likizo. Galbet kuna karatasi arobaini na moja zenye jina langu, nambari yangu, sahihi yangu na dole langu, na juu yake hakuna neno. Sikuziomba zirudishwe.